Miti kumi na miwili: shajara ya kuiokoa bustani ya Kigamboni

14 Oktoba 2023. Hali niliyoikuta

Nyumba ni ya wazazi, Kigamboni, kama mita mia nne kutoka baharini. Baba alifariki 2021, na tangu hapo miti imetunzwa na yeyote aliyepita na panga. Mimi naishi Tabata, navuka kwa pantoni mwisho wa wiki, kwa hiyo kazi zote humu ni za Jumamosi na Jumapili. Naandika kwa sababu nilipotafuta maelezo ya Kiswahili kuhusu miti ya kivuli na maua ya nyumbani, nilikuta ya mahindi, nyanya na korosho. Mwenye kutaka kuiga aige, ila asome mpaka chini kabla ya kununua kitu. Manunuzi yangu mawili ya kwanza ndiyo yaliyoniponza.

Hesabu: mkungu mmoja mbele ya baraza, mwarobaini mmoja nyuma ya jiko, minazi miwili, miashoki sita kwenye njia ya gari, misanapichi miwili langoni. Ukijumlisha ni kumi na miwili. Juu yake kuna uzio wa hibiskasi wa mita kumi na moja upande wa jirani, na mpapai uliojiotea wenyewe, ambao siuhesabu.

Leo ilikuwa usafi tu. Nimeng'oa misumari 23, bango la "chumba kinapangishwa", waya za taa za harusi ya dada, na kamba kuukuu ya katani iliyotoka kwenye mwembe wa jirani, ikapita juu ya uzio mpaka kwenye mnazi wa kwanza. Sijui ilikuwa ya kuanikia nini kwa urefu ule. Nimeikata na kuichoma na takataka.

28 Oktoba 2023. Dawa "inayoua kila kitu"

Misanapichi na hibiskasi vimejaa wadudu weupe kama pamba. Ukigeuza jani la msanapichi unaona mstari mweupe umefuata mshipa wa kati kuanzia kikonyo hadi ncha, kama mtu aliyemwaga unga wa muhogo akasahau kupangusa. Ukiugusa unanata. Majani ya chini yamepakwa masizi meusi, na sisimizi wanapanda na kushuka shina zima.

Duka la pembejeo waliniuzia saipamethrini, mililita 100 kwa shilingi 6,500, na bomba la mgongoni la lita 16 kwa 48,000. "Dada, hii inaua kila kitu," alisema muuzaji. Hakunidanganya.

Nilipiga langoni, nikapiga uzio, na kwa kuwa dawa ilibaki nusu bomba nikaona nisiimwage: nikapiga mashina ya minazi, ambako wale sisimizi wekundu wanaoitwa maji moto walikuwa wakipita kwa msururu. Walianguka mchangani kwa mamia. Mama alifurahi, kwa sababu walikuwa wakimng'ata kila akianika nguo. Mimi pia nilifurahi.

19 Novemba 2023. Kosa la kusoma matokeo

Wadudu weupe wamepungua mno. Kwenye daftari niliandika kwa herufi kubwa DAWA IMEFANYA KAZI. Sikufuta maneno hayo. Nayaacha kama ukumbusho. Vuli hii ni ya El Niño, mvua imepiga karibu kila siku, na mvua kubwa huwaosha hawa wadudu kwenye majani na kuwaangusha chini. Ningejua mapema kama ningeacha msanapichi mmoja bila kuupiga dawa ili niufananishe na wa pili. Sikuuacha.

Sheria niliyojiwekea tangu leo: kitu chochote nikijaribu, mti mmoja unabaki bila kuguswa.

9 Desemba 2023. Miashoki na zege

Miashoki mitatu kati ya sita ina majani ya njano, na ncha zake zimekauka kama zilizobabuliwa na moto. Nilitafuta mdudu juu na chini, sikumpata. Ikabidi nitazame miguuni.

Mwaka 2018 njia ya gari ilimwagwa zege, na fundi alilifikisha hadi kwenye gome la kila mti. Maji hayana pa kuingilia, na shina likinenepa linabanwa. Miashoki miwili ilikuwa na jambo baya zaidi. Waya uliofungwa zamani kushikilia taa umemezwa na mti. Juu ya waya shina limevimba kama goti lenye maji. Chini yake limebaki jembamba. Chakula kinachotengenezwa majanini hushuka mizizini kupitia tabaka la ndani la gome, na waya ukilikaba tabaka hilo, chakula kinarundikana juu huku mizizi ikifa njaa polepole. Mti unaweza kuishi hivyo miaka, majani yakiwa mazuri, halafu msimu mmoja ukakauka wote na watu wakasema umerogwa.

Waya niliukata kwa koleo vipande vinne na kuondoa tu sehemu zilizo nje. Iliyozama nimeiacha, kwa sababu kuichimbua ni kujeruhi gome lililobaki.

Zege nililipa vibarua wawili 50,000, wavunje mita moja ya mraba kuzunguka kila mti. Kosa langu ni kwamba niliingia ndani kula ubwabwa. Niliporudi, walikuwa wanavunja kwa sululu kwa nguvu zote, na kwenye mwashoki wa nne mizizi mitatu minene kama kifundo cha mkono ilikuwa imekatika. Vibarua hawana lawama. Niliwaambia zege, sikuwaambia mizizi.

Kosa la pili ni langu peke yangu. Shimo lililobaki nililijaza udongo mzuri na samadi (viroba sita, 18,000), nikaurundika hadi sentimita kumi na tano juu ya shina, nikaona umependeza kama keki. Kumbukeni kilima hicho.

27 Januari 2024. Mkungu uliokatwa kichwa

Mwaka 2021, baada ya msiba, mtu alikodiwa kuupunguza mkungu. Aliupunguza kweli: alikata shina kuu katikati na matawi yote kwa usawa mmoja, kisha akapaka vidonda oili chafu ya gari ili "visioze". Leo kila kisiki kimetoa fimbo nane hadi kumi zilizosimama wima kama ufagio, na baadhi zimefikia unene wa mkono wangu.

Nilipanda ngazi kutazama. Chini ya tabaka la oili, mbao ni laini, kijiti kinaingia mpaka kinapotea. Fimbo zote zimeshikilia ukingo wa nje wa kisiki, tabaka jembamba la mbao mpya, na katikati ni shimo lenye maji ya mvua na viluwiluwi vya mbu. Mkungu wa asili hupanga matawi yake ghorofa kwa ghorofa, na kila tawi limeshikana na shina tangu utotoni. Hizi fimbo hazikushikana hivyo, zimebandikwa pembeni.

Hapa ndipo nilipokutana na kazi za Alex Shigo, mtaalamu wa miti wa idara ya misitu ya Marekani, aliyefariki 2006. Alipasua maelfu ya miti kwa msumeno aone ndani kunatokea nini baada ya jeraha. Alichokionyesha ni kwamba mti hauponi kama ngozi yetu. Sehemu iliyojeruhiwa haijengwi upya. Mti huizungushia ukuta na kuota mbao mpya nje yake. Kwa hiyo ukikata mahali ambapo mti unaweza kujenga ukuta, umeusaidia. Ukikata katikati ya shina, umefungua mlango. Na rangi, lami au oili juu ya kidonda haizuii kuoza. Mama alikuwa anatuletea oili chafu kwenye kopo nilipokuwa namsomea hayo. Alirudi nalo.

Namna tulivyokata leo, kwa wanaotaka kuiga. Pale tawi linapotoka kwenye shina kuna uvimbe mdogo, kama kola ya shati. Kola hiyo haiguswi. Kata ya kwanza ni ya chini, mbali kidogo na shina, iingie theluthi moja tu. Ya pili ni ya juu, mbele kidogo ya ile ya kwanza, na tawi linaanguka bila kuchana gome. Ya tatu huondoa kibutu kilichobaki, nje kidogo ya kola. Kijana wa kupanda alitaka kukata mara moja "tumalize". Tawi la kwanza alilokata hivyo lilishuka na ulimi wa gome wa nusu mita. La pili alifuata maelekezo.

Kwa kila kisiki tumeacha fimbo mbili au tatu zilizo imara na kuondoa nyingine, lakini si zote kwa siku moja. Mti unahitaji majani ya kula. Zilizobaki tutapunguza mwakani. Msumeno wa kupogolea 22,000, kijana 40,000.

18 Februari 2024. Wamerudi

Jua limewaka wiki tatu na wadudu weupe wamerudi, wengi kuliko Oktoba. Niliwapeleka kwa afisa ugani kwenye chupa ya jamu. Mwanamke mpole, alimbonyeza mmoja kwa kucha na majimaji yakatoka ya njano. Kisha akatumbukiza wengine kwenye spiriti, akaniambia nirudi baada ya siku mbili. Walikuwa weusi tii. "Kidung'ata cha mpapai," akasema. *Paracoccus marginatus*, mzaliwa wa Mexico na Amerika ya Kati, mgeni huku kwetu, na hachagui chakula: anakula mpapai, muhogo, hibiskasi, msanapichi na mengine mengi. Ule mpapai niliokataa kuuhesabu ulikuwa umejaa tangu juu hadi chini, ndio kiwanda.

Akanieleza pia kwa nini dawa yangu ilikuwa kazi bure. Kidung'ata amevaa nta; dawa ya kugusa inateleza. Waliokufa ni wadudu wasio na koti, yaani wale wanaomla.

Hilo lilinikumbusha jambo. Wiki mbili nyuma nilikuwa napangusa majani kwa kitambaa, na katikati ya vidung'ata niliona wengine wakubwa zaidi, weupe, wenye manyoya marefu ya nta, wanaokwenda mbio. Nikadhani ni vidung'ata wazee, nikawaponda hao kwanza. Kidung'ata aliyekomaa hana mbio. Wale walikuwa watoto wa mdudu kobe, yule mgongo wa duara, waliovaa koti linalofanana na la windo lao. Niliponda si chini ya arobaini.

Mpapai umekatwa, umefungwa kwenye mifuko myeusi na kuachwa juani siku kumi. Usiutupe hivi hivi jalalani, wanahama.

Halafu sabuni. Hapa nilikosea mara mbili. Jaribio la kwanza lilikuwa sabuni ya unga: kesho yake machipukizi ya hibiskasi yalikuwa yameungua kingo. La pili sabuni ya mche, iliyokunwa kwa kikwaruzo, gramu kumi kwa lita. Haikutoa povu. Ilikatika kama maziwa yaliyoharibika, mabonge meupe yakaelea, na tundu la bomba likaziba mara nne. Mama alisimama mlangoni akanitazama wee, kisha akasema, "Mwanangu, hayo maji ya kisima hata mashuka yananishinda."

Maji ya kisima chetu kifupi yana chumvi, na ni magumu. Miaka yote ndiyo yanayomwagiliwa miashoki! Nilinunua kipimo kidogo cha chumvi cha kutumbukiza, 25,000: kisima kilisoma 1,900, maji ya mvua kwenye ndoo yakasoma 18. Majani ya njano yenye ncha zilizoungua yalikuwa yananiambia hivyo tangu Desemba. Mkungu na mnazi ni watu wa pwani, wanavumilia. Mwashoki hawezi.

10 Machi 2024. Mvua ya paa, mbegu, na kamba

Mfungo unaanza wiki hii, nimejitahidi kumaliza kazi nzito kabla.

Mifereji ya paa imefungwa, 85,000, inaingia kwenye tangi la zamani la baba. Sabuni ya mche kwenye maji ya mvua inatoa povu kama inavyotakiwa. Nilipiga jioni, chini ya majani zaidi kuliko juu, nikarudia baada ya siku saba, na nikaacha msanapichi wa kulia bila kuguswa. Wa kushoto sasa una vidung'ata wachache vikonyoni tu. Wa kulia umepauka kwa weupe. Hii ndiyo mara ya kwanza ninaandika "imefanya kazi" nikiwa na haki ya kuandika.

Nyongeza: mbegu za mwarobaini zilizokaushwa kivulini, zikatwangwa, gramu 50 kwa lita, zikalala usiku mzima, zikachujwa kwa kitambaa. Watu hutumia majani kwa sababu ni rahisi kuchuma, lakini nguvu ipo zaidi kwenye mbegu. Jua huiharibu, kwa hiyo ni jioni pia. Inachukua siku kadhaa kuonekana, wala haiangushi mdudu mara moja, na mwenye haraka atasema haifai.

Sisimizi weusi ni wachungaji: wanalamba utamu wa vidung'ata na kuwafukuza maadui zao. Nilizungushia mashina ya misanapichi utepe wa nailoni na kupaka grisi juu yake (7,000 vyote). Grisi isiguse gome, na utepe ulegezwe kila mwezi, la sivyo ndio ule waya wa miashoki umerudi kwa jina jingine. Kata pia tawi lolote linalogusa ukuta. Sisimizi walitumia moja kama daraja siku hiyo hiyo.

Sasa minazi. Tangu Januari vidaka (nazi changa) vinaanguka, vidogo kama limau, kila kimoja kina kovu jeusi lenye gundi. Nilidhani ni ukame. Wiki tatu nyuma nilikwenda kumsalimia mzee wa jirani, aliyekulia Unguja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kamba ya baba yako iko wapi?"

Nilibaki mdomo wazi. Ile kamba ya katani niliyoichoma Oktoba ilikuwa barabara ya maji moto. Mwembe wake una viota vyao, vile vya majani yaliyoshonwa kwa hariri, na baba alifunga kamba ili wavuke mpaka kwenye minazi. Wakiwepo, mdudu anayefyonza vidaka hapati nafasi. Niliporudi nyumbani nikasoma: Mwingereza mtaalamu wa wadudu aitwaye M. J. Way aliwachunguza maji moto, *Oecophylla longinoda*, huko Zanzibar miaka ya 1950 kwa kazi hii hii, na mdudu mharibifu wa nazi akaishia kubeba jina lake, *Pseudotheraptus wayi*. Wachina nao waliwatumia ndugu zao kwenye michungwa zaidi ya miaka elfu moja na mia sita iliyopita, na baadaye wakawatengenezea madaraja ya mianzi kutoka mti hadi mti. Na mimi niliwaua kwa dawa iliyobaki, kwa kuona uchungu wa shilingi elfu tatu.

Kamba mpya ya katani, mita kumi na nne, 6,000. Kwanza nilijaribu njia ya mkato: nilikata kiota kimoja kwenye mwembe, nikakitia kwenye kiroba na kukitundika mnazini. Niling'atwa mpaka kwapani, na baada ya wiki mbili kiota kilikuwa kitupu. Kundi lina malkia mmoja, na kiota kisicho na malkia hakidumu. Kamba haina maumivu hayo, wanakuja wenyewe.

Niseme na ubaya wao. Maji moto nao wanafuga. Nimewaona wakilinda vidugamba, wadudu wafyonza utomvu, kwenye machipukizi ya mwembe. Kwa hiyo kwenye hibiskasi na misanapichi siwataki, grisi inawahusu na wao. Na Mama hajafurahi hata kidogo. Tumehamisha kamba ya nguo upande wa jiko.

5 Mei 2024. Baada ya Hidaya

Kimbunga Hidaya kilifika pwani jana karibu na Mafia. Huku hatukupata kiini chake, lakini upepo ulivuma usiku kucha na mvua haikukatika. Mkungu uliangusha fimbo mbili, moja ikatua juu ya choo cha nje na kuvunja bati (32,000 na ufundi). Zote zimeng'oka pale pale kwenye ukingo wa kisiki, kama mpini uliochomoka kwenye jembe bovu. Sehemu ya kushikia haikuzidi upana wa viganja viwili. Zilikuwa miongoni mwa zile tulizoziacha. Tungeacha zote zaidi ya thelathini, sijui tungekuwa tunaezeka nini leo.

Mwarobaini haujapoteza kitu. Haujawahi kukatwa na mtu, kwa sababu uko nyuma na hauonekani na wageni.

Mwashoki wa nne, wa sululu, umelala kifudifudi kwenye njia ya gari. Mizizi ya upande wa baharini haikuwepo ya kuushika.

13 Julai 2024. Kilima cha keki, mchwa, na viriba

Kipupwe, hewa nzuri, kazi mbaya.

Mwashoki wa pili nao umekufa. Nilifukua kile kilima nilichokirundika Desemba, nikakuta gome lililozikwa limekuwa jeusi, linachubuka kwa kidole kama ganda la ndizi iliyoiva kupita kiasi. Gome la shina si gome la mizizi, halikuumbwa kukaa udongoni. Nimefukua miti yote minne iliyobaki hadi pale shina linapoanza kutanuka kuelekea mizizini. Ukitazama mti wako na ukaona umeingia ardhini wima kama nguzo ya umeme, bila kutanuka, ujue umezikwa.

Mwezi uliopita nilikuwa nimeweka matandazo ya nyasi kavu kuzuia mchanga usikauke, mazito, yamegusa mashina. Mchwa wakaja. Njia zao za udongo zilipanda mashina matatu mpaka usawa wa kifua. Nilikimbilia kutaka dawa (tabia haifi), lakini safari hii nilikwangua kwanza. Chini ya udongo wao walikuwa wanakula gome la juu lililokufa. Nikikuna kidogo kwa kucha, ndani bado kijani na unyevu. Mti hai wenye afya hawakuuingia. Walioula ndani kabisa ni ule wa pili, uliokuwa umeshakufa.

Nilichofanya: nimeondoa nyasi, nimebomoa njia kwa ufagio mgumu, na kurudisha matandazo ya majani mabichi yaliyokatwakatwa, unene wa sentimita saba hivi, yakiwa mbali na shina kwa shibiri mbili. Njia zilijengwa tena mara mbili, nikabomoa mara mbili. Wiki hii hazijajengwa.

Kujaza nafasi nilinunua miche mitatu ya mwashoki barabarani, 8,000 mmoja, miwili ya kupanda na mmoja wa akiba. Muuza miche alinichagulia mirefu, imefika kiuno, kwenye viriba vidogo kama vya kilo ya sukari. Nilipochana kiriba cha kwanza nilielewa kwa nini ilikuwa na bei nzuri: mzizi mkuu umezunguka chini mara tatu, kama koili ya dawa ya mbu. Ukipandwa hivyo, unaendelea kuzunguka, na baada ya miaka unajinyonga wenyewe. Mmoja nilikata duara lile kwa kisu na kuinyosha mizizi mingine kwa vidole. Mwingine nao nilifanya hivyo. Wa tatu mzizi ulikuwa mnene mno, ukanivunjikia mkononi. Kwa hiyo akiba imeondoka. Safari nyingine nitachagua mfupi, mnene shina, na nitaomba kuona kiriba chini kabla ya kulipa.

Miche miwili inamwagiliwa maji ya mvua tu, lita kumi kila siku ya tatu. Tangi likiisha itabidi niombe kwa jirani, ambaye anachota kwenye kisima kirefu.

14 Septemba 2024. Hali ya leo

Misanapichi yote miwili ina maua. Ule wa kulia, wa kufananishia, niliusamehe mwezi Aprili nikaupiga sabuni nao. Vidung'ata wapo, sitasema wameisha, ila ninawakuta vikonyoni, na kati yao wapo wale wenye manyoya marefu wanaokwenda mbio. Hao siwagusi tena. Hibiskasi imekatwa kwa mkasi badala ya panga na imejaza pale ilipokuwa na mapengo, isipokuwa mita moja hivi jirani na lango, ambako sabuni ya unga iliunguza na haijarudi.

Miashoki: minne mikubwa hai, mmoja bado una ncha za kahawia. Miche miwili imetoa majani mapya, yale ya rangi ya shaba.

Mkungu umeniacha na swali. Visiki viwili vimeoza chini kuliko nilivyofikiri, na Mama hataki kusikia habari ya kuuondoa. Baba aliupanda mwaka niliozaliwa. Tumekubaliana kupunguza fimbo moja kwa kila kisiki mwezi Novemba, na hakuna kulala kwenye baraza siku za upepo.

Gharama mpaka leo: bomba 48,000, dawa 6,500, vibarua 50,000, samadi 18,000, msumeno 22,000, kijana wa kupanda 40,000, sabuni miche miwili 8,000, kipimo 25,000, mifereji 85,000, kamba 6,000, grisi na nailoni 7,000, miche ya miti 24,000, bati 32,000. Jumla 371,500. Dawa ndiyo ya bei ndogo kuliko karibu vyote hapo, na ndiyo iliyonigharimu msimu mzima wa nazi.

Vidaka vilivyoanguka nimekuwa nikivihesabu kila Jumamosi chini ya mnazi wa kwanza, ule wenye kamba. Machi vilikuwa kumi na saba kwa wiki. Leo vitatu, na kimoja tu kina kovu. Mnazi wa pili hauna kamba bado, na chini yake nimeokota kumi na mmoja. Nimenunua mita sita nyingine. Nitaifunga kesho asubuhi, kabla Mama hajaamka.